Kufuatisha Njia na Kuendea Njia: Suala la Istilahi za Sevo katika Viendeshi vya Diski za Leza

1.0 Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza dhana mbili za ufundi ambazo katika tafsiri nyingi za Kiswahili huvikwa neno moja, yaani kutafuta. Dhana ya kwanza ni kazi ya kuuweka mwale wa leza juu ya njia ya diski wakati diski inazunguka. Dhana ya pili ni kazi ya kuuhamisha mwale huo kutoka njia moja hadi nyingine iliyo mbali. Kazi hizi mbili hufanywa na mfumo mmoja wa udhibiti unaoitwa sevo, lakini zinatofautiana kiasi kwamba ya pili haiwezi kuanza mpaka ya kwanza isimamishwe.

Mwandishi wa makala haya si mhandisi. Alilazimika kujifunza mambo haya alipokuwa akimsimamia mwanafunzi wa uzamili aliyechagua kutafsiri kitabu cha matengenezo ya vicheza diski. Mwanafunzi huyo aliwapa mafundi wawili tafsiri yake waijaribu. Mmoja wao alikuwa na mashine iliyopiga wimbo wa kwanza vizuri kabisa, ila ilipoamriwa kwenda wimbo wa kumi ilikwama. Alifungua kitabu, akasoma kwamba mashine ikishindwa kutafuta njia lenzi isafishwe, naye akaisafisha mara tatu. Kasoro haikuwa kwenye lenzi. Grisi ilikuwa imegandamana kwenye reli ya kigari kinachobeba lenzi. Katika matini chasili ushauri wa lenzi ulihusu dhana ya kwanza, na ushauri wa reli ulikuwa ukurasa wa mbele, chini ya dhana ya pili. Tafsiri ilikuwa imeziita zote mbili kutafuta.

Nilimuuliza mwanafunzi: "Mashine inatafuta nini wakati imekwisha kukipata?" Hakuwa na jibu, na kwa kweli wakati ule nami sikuwa nalo.

2.0 Diski na santuri

Wazungumzaji wengi waliipokea diski ya leza kwa jina la santuri, na ni rahisi kuona sababu: zote mbili ni sahani, zote huzunguka, zote hutoa muziki. Lakini jina hili lina mtego. Santuri ya zamani ina mfuo uliochimbwa, na sindano hukaa ndani ya mfuo huo. Kuta za mfuo ndizo zinazoiongoza sindano kutoka ukingoni kuelekea katikati. Hakuna haja ya chombo kingine cha kuiambia sindano iende wapi.

Diski iliyotolewa na kampuni za Philips na Sony, ambayo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, haina ukuta wa namna hiyo. Ina kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Habari zake zimeandikwa kwa vishimo vidogo vyenye upana wa takriban nusu mikromita, vilivyopangwa katika mstari mmoja mrefu unaozunguka kutoka ndani kwenda nje, mithili ya kamba iliyokunjwa duara sitahani. Umbali kati ya mzunguko mmoja na wa pili ni mikromita 1.6. Ukichukua eneo la habari, ambalo huanza milimita 25 kutoka kitovu na kuishia milimita 58, utapata mizunguko ipatayo 20,000, na urefu wa mstari mzima unazidi kilomita 5. Leza haigusi chochote. Mwanga hupita ndani ya plastiki, hugonga tabaka la metali, na kurudi.

Kwa hiyo neno mfuo, ambalo ni sahihi kabisa kwa santuri, linapohamishiwa kwenye diski humfanya msomaji aamini kwamba kuna kitu kinachoushika mwale. Hakuna. Kinachoushika mwale ni hesabu ya sevo peke yake, na umeme ukikatika mwale hauna mahali unapokaa. Napendekeza tuseme njia. Hata hivyo hapana budi kukiri kwamba diski tupu za kurekodia nyumbani zina mfuo wa kweli, uliochongwa kiwandani ili kuiongoza leza kabla ya kuandikwa kitu chochote. Mfuo huo hauendi moja kwa moja bali hutikisika kidogo kwa masafa ya kilohezi 22.05 diski ikizunguka kwa kasi ya kawaida, na mtikisiko huo hutumiwa kudhibiti kasi na kubeba anwani. Hata hapo mfuo haumshiki mtu mkono. Mwanga unauona tu.

3.0 Mkengeuko

Hebu sasa tuangalie ukubwa wa tatizo. Tundu la katikati ya diski haliwezi kutobolewa pasipo kosa lolote. Kanuni za utengenezaji huruhusu njia ziwe zimepotoka kutoka kitovu kwa takriban mikromita 70. Kiasi hiki ni kidogo kuliko unene wa karatasi nyingi, lakini ni zaidi ya njia 40. Maana yake ni kwamba kama mwale ungesimama tuli, katika kila mzunguko mmoja wa diski njia zipatazo 87 zingepita chini yake zikienda nje, kisha zilezile zikarudi ndani. Nao mwale, ili usome vizuri, unatakiwa kuwa ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya mikromita kutoka katikati ya njia. Mfumo basi unapaswa kuupunguza upotofu huo mara 700 hivi, wakati diski inazunguka mara 500 kwa dakika karibu na kitovu na mara 200 na ushei karibu na ukingo.

Njia iliyotumiwa katika vicheza vingi ni ya miale mitatu. Mwale wa leza hupitishwa kwenye kioo chenye mistari mingi myembamba, ukagawanyika: mmoja mkuu, na wawili wasaidizi, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wasaidizi hawa huwekwa kando kidogo ya mwale mkuu, robo ya umbali wa njia upande huu na robo upande ule. Mwale mkuu ukiwa katikati ya njia, wasaidizi hurudisha mwanga sawasawa. Ukielekea upande mmoja, msaidizi mmoja hukanyaga vishimo zaidi na mwanga wake hupungua, wa pili huongezeka. Tofauti ya mwanga wa wasaidizi hawa wawili hugeuzwa kuwa umeme, umeme huo hutiwa kwenye koili iliyo katika ugasumaku, na lenzi husogezwa upande unaotakiwa.

Kiingereza huita tofauti hiyo kosa. Nadhani Kiswahili hakina haja ya kuiga. Kosa katika lugha yetu huhitaji mkosaji, na mafundi wanaosoma "ishara ya kosa" hudhani mashine imeharibika, ilhali ishara hiyo ipo muda wote katika mashine nzima kabisa. Neno tunalo tayari: mtu hukengeuka njia. Tuseme ishara ya mkengeuko.

Ishara hii ina hila moja ambayo imenivutia kuliko jambo lolote katika somo hili. Kwa kuwa njia zimepangwa moja baada ya nyingine kwa umbali ulio sawa, ishara nayo hupanda na kushuka kama wimbi kila mwale unapovuka njia. Kwa hiyo huwa sifuri katikati ya njia, na huwa sifuri tena katikati ya nafasi iliyo baina ya njia mbili, pahali ambapo hapana kitu cha kusoma. Mfumo unaoangalia ishara hii peke yake hauwezi kujua kwa sifuri tu kama umefika au umepotea. Kinachouokoa ni mwelekeo. Juu ya njia, mwale ukisukumwa kidogo, masahihisho huurudisha. Baina ya njia, masahihisho yaleyale huusukuma mbali zaidi, kama maji yaliyomwagwa juu ya mgongo wa paa. Ndiyo maana mwale haukai hapo. Kwa mwanaisimu, hii ni homonimia iliyotatuliwa na muktadha.

4.0 Sevo na usukani

Neno sevo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtumwa au mtumishi. Mfaransa Joseph Farcot alilitumia mwaka 1873 katika kitabu chake kuhusu injini zinazotii, hasa zile za kugeuza usukani wa meli za mvuke. Miaka 75 baadaye, mwaka 1948, Norbert Wiener aliupa uwanja mzima wa udhibiti jina alilolichukua kutoka neno la Kiyunani la mshika usukani. Yaani dhana hii imetoka baharini mara mbili, na kuna waliopendekeza tutafsiri kwa kuanzia utumwa! Mimi sioni faida yake. Chombo na kiitwe sevo, kwa sababu mafundi wamekwisha kulizoea. Kanuni inayokiendesha na iitwe udhibiti kwa mrejesho. Ningependa kusema udhibiti rejeshi, ambao ni mfupi zaidi, lakini wanasarufi tulikwisha kulichukua neno kirejeshi, na wanafunzi wetu wana mzigo wa kutosha.

Katika kiendeshi cha diski mrejesho huu una ngazi mbili. Lenzi ni nyepesi na hutikisika upesi, ila haiwezi kwenda mbali. Kigari kilichoibeba ni kizito, husogezwa na mota kwenye reli, na huenda kutoka kitovu hadi ukingo lakini kwa uzito. Diski inavyosomwa, njia huendelea kwenda nje, na lenzi huvutika nazo hadi inaanza kuelemea upande. Wastani wa mvuto huo ndio unaoiambia mota isogeze kigari hatua ndogo, lenzi irudi katikati ya nafasi yake. Nahodha husahihisha kidogo kidogo kwa usukani, na mara mojamoja hubadili tanga. (Mfumo wa kulenga, ambao huiweka lenzi katika kimo kinachofaa, hufuata kanuni hiyohiyo, siujadili hapa.)

Sasa kazi hii tuiiteje? Fuata ni pana mno. Andama humaanisha kwenda nyuma ya kitu kinachokwenda. Ambaa ni neno zuri la mabaharia, kupita karibu bila kugusa, lakini anayeambaa pwani yuko kando yake, si juu yake. Shika njia ilipendekezwa katika semina yetu, mpaka mtu akakumbusha kwamba anayeshika njia anaondoka. Nimechagua fuatisha, neno la anayepitisha kalamu juu ya mstari uliokwisha kuchorwa, kwa kuwa mwale hufanya hivyohivyo.

5.0 Kuendea

Msikilizaji akitaka wimbo wa kumi, sevo ya kufuatisha hufunguliwa, yaani mrejesho hukatwa kwa makusudi. Kigari hukimbia. Njia zinapita chini ya mwale, na kila wimbi la ishara ya mkengeuko huhesabiwa kuwa njia moja. Lakini wimbi peke yake halisemi kama mwale unakwenda nje au ndani, hasa diski ikiwa imepotoka kitovu. Kwa hiyo mfumo huangalia pia mwanga wa mwale mkuu, ambao hubadilika kila unapokuwa juu ya njia na baina ya njia. Mawimbi haya mawili hupishana kwa robo ya mzunguko, na lililotangulia ndilo linaloonyesha upande. Zikibaki njia chache, kasi hupunguzwa, breki hufungwa, na kufuatisha huanza tena.

Je, huku ni kutafuta? Katika Kiswahili anayetafuta hajui kitu kiko wapi. Mashine ina anwani kamili: dakika, sekunde, na vipande 75 katika kila sekunde. Kwa msingi huo nilipendekeza kuendea, na mwanafunzi akakubali. Lakini haki inanitaka nieleze pingamizi lake la baadaye, ambalo lina nguvu. Diski husomwa kwa mwendo ulio sawa wa mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja hubeba vipande 9 hivi karibu na kitovu na vipande 21 hivi karibu na ukingo. Idadi ya njia za kuvuka haiwezi kusomwa kutoka kwenye anwani. Hukadiriwa, na makadirio hutofautiana kati ya diski na diski kwa sababu mwendo uliotumika kuiandika hautajwi. Mashine huruka, husoma anwani ya pale ilipoangukia, hulinganisha, huruka tena. Huyo, alisema, anatafuta.

Tuliafikiana kwamba kuendea litumike kwa mruko mmoja, na kutafuta libaki kwa mfululizo mzima, kuanzia amri ya msikilizaji hadi wimbo unapoanza. Katika toleo lililorudishwa kwa mafundi, ukurasa wa lenzi ulikuwa na kichwa "Mashine haifuatishi njia", na ukurasa wa reli ulikuwa na "Mashine haiendei njia". Neno moja lilibaki bila mjadala wowote. Mwale unapotua baada ya mruko, lenzi huyumba kwa muda mfupi kabla ya kuweza kusoma, na muda huo hupimwa. Mwanafunzi aliandika "muda wa kutulia", nami sikugusa kitu.