Kutoka Baba Dogo hadi Wasini: anza na mwezi

Wengi wetu Baba Dogo, Nairobi, tukipanga safari ya Pwani tunaipeleka Disemba, viwanda vikifunga. Disemba si mbaya. Ila ukitaka kuona matumbawe na samaki wa Kisite, hifadhi ya bahari iliyo karibu na kisiwa cha Wasini, usiridhike na kalenda ya kazini. Panda juu ya paa la ploti utazame mwezi.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, tofauti ikifika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na mkondo hupoa. Kama kuogelea kwako ni kwa kubahatisha, nenda maji mafu. Bamvua ni ya wapenda kutembea. Mwendo wa saa nne, saa tano asubuhi maji yametoka, na fungu la mchanga la Kisite liko nje. Alasiri bahari inarudi, inapenya katikati ya matumbawe ya kale nyuma ya kijiji cha Wasini, ambako akina mama wa kisiwa wamejenga njia ya mbao ya kupitia juu ya mikoko.

Msimu nao una neno lake. Kaskazi, Novemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa meupe. Kusi huchafua bahari na kukutapisha, lakini ndiyo hupitisha nyangumi, Julai hadi Septemba. Pomboo wako mwaka mzima.

Kwa nini nisikupeleke Malindi? Kwa sababu ya mto wetu wenyewe. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, kisha Sabaki, na hiyo humwaga tope lake kaskazini mwa Malindi. Wakati wa mvua bahari ya huko hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Njia ni hii: treni ya SGR hadi Miritini, feri ya Likoni, matatu ya Lunga Lunga, ushuke njia panda ya Kanana, kisha pikipiki hadi Shimoni. Treni ya usiku hukushusha kabla ya mapambazuko, na wapo wanaounganisha moja kwa moja hadi kwenye boti. Mimi sikushauri; tumbo lisilolala halipatani na mawimbi. Lala Shimoni.

Ada ya hifadhi hulipwa Shirika la Wanyamapori (KWS) kupitia eCitizen, kwa hiyo malizana nayo ukiwa bado na mtandao mzuri. Usiichanganye na bei ya boti, ambayo ni ya kupatana. Kisite, kilomita 28 za mraba, hakuvuliwi kabisa. Mpunguti iliyo kando yake huruhusu uvuvi wa kienyeji. Ndiyo maana Kisite utaona pono wakitafuna matumbawe chini yako bila kukujali. Tuliza pumzi uzamishe masikio, utawasikia: kra, kra, kra.

Miwani na mrija vijaribu kwanza kwenye bwawa la Nairobi. Vikivuja huko, vitavuja baharini pia. Majini vaa fulana ya mikono mirefu, na boya mwilini hata kama una aibu. Usisimame juu ya matumbawe: yako hai, na katikati yake kuna viumbe vya miiba mirefu myeusi inayokatikia nyayoni. Pomboo wakitokea, mwombe nahodha apunguze mashine aende sambamba nao. Wakifukuzwa huzama, na hela yako imezama nao.

Wasini ni mwamba wa matumbawe wa kilomita 5 hivi, bila gari wala mto. Watu hukinga maji ya mvua. Beba ya kunywa, lakini kwenye chupa ya kudumu, maana plastiki za kutupa zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020. Wanawake wabebe leso ya kujifunga wakiingia kijijini, wanaume shati. Na kabla hamjang'oa nanga, muulize nahodha saa ya kurudi.