Mkojo wa Mbolea: Vimelea vya Magonjwa Hudumu kwa Muda Gani?

Wakazi wanaotunza mkojo kwa ajili ya mbolea ya bustani hulalamikiwa na majirani kwa sababu ya harufu. Harufu hiyo ndiyo kinga yenyewe. Urea iliyomo katika mkojo hugeuka kuwa amonia, pH ikapanda hadi karibu 9, na katika hali hiyo vimelea hufa. Anayetia maji katika dumu ili kupunguza ukali anaidhoofisha dawa. Maji yaongezwe siku ya kumwagilia, si siku ya kuhifadhi, na kifuniko kikazwe ili amonia isitoroke.

Mkojo wa mtu mwenye afya huwa na vimelea vichache. Hatari kubwa hutokana na kinyesi kinachodondokea upande wa mkojo katika choo cha kutenganisha, hasa chooni mwenye kuhara anapoingia, au mtoto ambaye hajazoea kukitumia. Bakteria wengi wa tumboni hufa ndani ya siku chache katika mkojo wenye joto usiochanganywa na maji. Virusi, vikiwemo vya rota, huvumilia wiki nyingi, na kwenye baridi ya nyuzi 4 hupungua kwa shida sana. Mayai ya minyoo yana ganda gumu na huzama. Kwa hiyo tope la chini ya dumu lisimwagwe kwenye mboga.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataja joto la nyuzi 20 au zaidi: mwezi 1 kwa mazao yatakayosindikwa au kupikwa, miezi 6 kwa mazao yote. Familia inayotumia mkojo wake yenyewe kwenye bustani yake haikulazimishwa kuhifadhi, ili mradi mwezi 1 upite kati ya kuweka mbolea na kuvuna. Anayeuza mchicha sokoni hayumo katika msamaha huo.

Kichocho cha mkojo kina tahadhari yake. Mayai yake hutoka pamoja na mkojo na huanguliwa yafikapo kwenye maji yasiyo ya chumvi. Mkojo mbichi usimwagwe kamwe bwawani, mtoni wala kwenye mfereji wa umwagiliaji.

Tarehe iandikwe juu ya dumu siku linapojaa na kufungwa. Likiongezwa mkojo mpya, hesabu huanza upya.