Mjomba na Daftari la Ndiva

Kila mmoja wetu ana mtu aliyemfumbua macho. Kwa mwingine ni bibi. Kwa mwingine ni shangazi au jirani. Kwetu sisi tunaoandika somo hili alikuwa mjomba, kaka mkubwa wa mama. Sasa ni marehemu. Leo tutasoma habari zake. Kisha wewe utachukua kalamu uandike habari za mtu wako.

1. MJOMBA ALIKUWA NANI

Mjomba aliishi maisha yake yote katika kijiji cha milimani, wilaya ya Same, upande wa juu wa Makanya. Alilima kahawa, migomba, mahindi na maharage. Utotoni hakwenda shule. Alichunga mbuzi.

Alipokuwa mtu mzima alibeba kahawa yake kichwani kwenda kuiuza. Ilipimwa, akapewa karatasi, akaweka dole gumba, akarudi nyumbani. Karatasi ilisema kilo ngapi? Hakujua. "Hata kama nilipunjwa," alituambia, "ningejuaje?"

2. ALIVYOJIFUNZA KUSOMA

Mwaka 1970 ulitangazwa na Rais Julius Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baada ya hapo zilichaguliwa wilaya sita ambazo zilitakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha. Pare ilikuwa mojawapo. Wakati ule Same na Mwanga zilikuwa bado wilaya moja. Watu walisoma madarasani, na penye upungufu wa madarasa walisoma chini ya miti. Walimu hawakutosha. Kwa hiyo hata wanafunzi wa shule za msingi walifundisha watu wazima.

Mjomba alifundishwa na mtoto wa jirani yake. Wenzake wengine walimcheka. Yeye aliwajibu, "Mwenye kiu haulizi umri wa aliyeshika kata."

Kitu cha kwanza alichosoma peke yake kilikuwa karatasi ya kahawa. Alisimama palepale mbele ya mizani, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Watu waliokuwa nyuma yake walinung'unika kuwa anawachelewesha. Hakuondoka mpaka alipomaliza. Tangu siku ile, alisema, walimpimia taratibu.

3. DAFTARI LA NDIVA

Wasomaji wa Same wanaijua ndiva. Kwa wasomaji wa kwingine, hebu tueleze. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kwa mawe na udongo. Mfereji huleta maji kutoka kijitoni. Usiku kucha maji hujaa ndivani. Asubuhi tundu la ndiva huzibuliwa, na maji hushuka kwa nguvu mpaka mashambani. Bila ndiva, maji ya mfereji ni kidogo mno. Yangenywewa na udongo kabla ya kufika shamba la mwisho. Wazee wa Upare walibuni mpango huu zamani, kabla ya wakoloni kuja.

Kila familia ina zamu yake ya maji. Mfereji ukibomoka, au ndiva ikijaa tope, watu huitwa kwenye msaragambo. Asiyefika hutozwa faini.

Pale kijijini kwetu zamu zilikaa kichwani mwa wazee. Mjomba alipochaguliwa kuangalia ndiva alinunua daftari. Aliandika siku, jina la mwenye zamu, na majina ya waliokosa msaragambo. Katika ukurasa mmoja tulikuta jina lake mwenyewe. Alikuwa amechelewa kazini. Ameandika jina lake, ameandika faini, ameandika kuwa amelipa. Herufi ni kubwa kama zile za majina ya wengine.

Mwaka mmoja mvua za vuli zilikuwa haba. Mahindi yalianza kunyauka. Jirani mmoja alilalamika kuwa zamu yake imerukwa. Mama yetu alisema siyo kweli, zamu ni yake. Watu walikusanyika nyumbani kwa Mjomba. Mama ni dada yake wa tumbo moja. Sisi tulikuwa watoto, na tulijua kwa hakika kuwa Mjomba atatutetea.

Alifungua daftari juu ya magoti yake, akasoma. Kumbe mama alikuwa amekwisha kupata maji wiki ile. Zamu ilikuwa ya jirani.

"Dada, mpishe," alisema. Hakuongeza neno.

Mahindi yetu ya shamba la chini yalikauka mwaka ule. Mama alikasirika sana. Mjomba alipokuja jioni, mama alimwekea makande bila kusema naye. Mjomba akala, akashukuru, akaenda zake. Kesho yake akaja tena. Siku ya nne mama alimwuliza, "Kaka, chumvi inatosha?" Hapo tukajua mambo yamekwisha.

Kwa muda mrefu tuliona Mjomba ametunyima. Tulipokua ndipo tulipoelewa. Kama siku ile angesoma jina ambalo halikuandikwa, nani angeliamini daftari lile tena? Na siku ambayo sisi tungerukwa zamu, tungekimbilia wapi?

4. SWALI LAKE

Tulipokwenda chuo cha ualimu, tulirudi nyumbani kila likizo. Mjomba hakutuuliza tumekuwa wa ngapi katika mtihani. Aliuliza hivi, "Umesoma nini ambacho jirani anaweza kukitumia kesho?"

Mara ya kwanza tulinyamaza. Tulikuwa tumejaza madaftari matano, lakini jibu hatukuwa nalo. Swali lile halikutuacha. Ndilo lililotufanya tuchague kazi hii ya elimu ya watu wazima. Mpaka leo, kabla ya kuandika somo lolote la gazeti hili, tunajiuliza swali la Mjomba.

5. TULICHOPOTEZA

Ndugu msomaji, hapa tunasema kosa letu.

Mwaka 1945 watu wengi sana wa Upare walishuka hadi Same kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Kwa kodi ile kila mtu alikadiriwa mali yake. Wanawake nao waliandamana. Mwishowe serikali ya kikoloni iliiondoa kodi ile. Mjomba alikuwa mtoto mdogo, lakini aliikumbuka asubuhi ambayo baba yake, yaani babu yetu, aliondoka na wenzake kwenda Same.

Habari za mbiru zimo vitabuni. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mwenyeji wa Upare, aliziandika. Kitabu chake cha historia ya Wapare kilitoka mwaka 1969. Habari nyingi za kitabu hicho alizipata kwa kuwauliza wazee.

Lakini babu yetu hayumo katika kitabu chochote. Alikaa Same siku ngapi? Alilala wapi? Nani alimpelekea chakula? Alisema nini aliporudi? Mjomba alijua. Sisi tulikuwa na kalamu, tulikuwa na karatasi, na hatukuuliza. Tulidhani iko siku.

Mjomba alifariki wakati wa mvua za vuli. Baada ya maziko tulifungua sanduku lake tukakuta madaftari matatu. Moja lilikuwa limeliwa na mchwa. Lilibaki jalada tu. Miaka yote iliyokuwemo ndani yake imepotea, na mtu wa kumwuliza hayupo. Yale mawili tumeyanakili.

6. JINSI YA KUANDIKA HABARI ZA MTU ALIYEKULEA

Kwanza, andika tendo. Ukiandika "Mjomba alikuwa mtu wa haki," msomaji atakubali kisha atasahau. Ukiandika "Mjomba alimwambia dada yake ampishe jirani," msomaji atakumbuka.

Pili, andika maneno yake kama alivyoyasema. Hata kama ni ya lugha ya nyumbani, yaandike hivyohivyo, kisha eleza maana yake kwa Kiswahili.

Tatu, andika na magumu. Mtu asiye na kosa hata moja hafundishi. Mjomba alichelewa msaragambo, nasi tumeandika. Lakini jambo linaloweza kumwaibisha aliye hai, mwulize kwanza.

Nne, andika mahali na mwaka. Kama mwaka haujulikani, taja jambo lililojulikana na wengi, kama njaa, mafuriko, au mwaka ule shule ilipojengwa.

Tano, wahi. Kama mzee wako bado yu hai, nenda ukakae naye. Usiende na maswali ishirini. Nenda na moja. Siku nyingine rudi na jingine.

Sita, nakili mara mbili. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu yako. Mchwa hawezi kula nyumba mbili kwa siku moja.

MAANA YA MANENO

Haba: kidogo, isiyotosha.
Kata: chombo cha kuchotea maji, chenye mpini.
Kunakili: kuandika tena maneno yaleyale mahali pengine.
Kupunja: kumpa mtu pungufu ya haki yake.
Msaragambo: kazi ya pamoja ya wanakijiji, kama wasemavyo Wapare.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Mjomba alisimama mbele ya mizani mpaka alipomaliza kusoma?
2. Je, Mjomba alifanya vyema kumwambia dada yake ampishe jirani? Wewe ungefanyaje?
3. Katika kijiji chenu, ni mambo gani yamo kichwani mwa wazee tu, hayajaandikwa mahali popote?

ZOEZI

Mchague mtu mmoja aliyekulea au aliyekufundisha kazi. Andika sentensi kumi juu ya jambo moja alilolifanya. Usiandike sifa zake. Ukimaliza, msomee mtu aliyemjua. Akikwambia, "Hapana, siyo hivyo, ilikuwa hivi," usiudhike. Chukua kalamu, andika na hayo.