Mteja Akisema "Breki Ngumu", Usikimbilie Kumuuzia Pampu

Wauzaji wenzangu wa spea mtandaoni, leo tuongelee pampu ya vakyumu ya breki. Ni ile inayokaa mgongoni mwa alteneta kwenye pikapu za dizeli kama Hilux za injini 2L, 3L na 5L, au Isuzu za 4JA1 na 4JB1.

Mteja anakuja inboksi: "Boss, breki ngumu, nitumie pampu." Unatuma kwa basi, fundi anafunga, breki bado ngumu vile vile. Hapo anataka hela yake. Pampu ishaingia oili, huwezi kuiuza tena kama mpya, na nauli ya basi hamna anayeilipa. Mtaji unaondoka hivyo.

Ila kuna kubwa kuliko mtaji. Mtu akiamini breki zimepona kumbe bado, anapakia mzigo na kushuka nao Kitonga. Ndiyo maana mimi siuzi pampu mpaka mteja anijibu maswali. Kujua haya huhitaji kuwa fundi.

INAVYOFANYA KAZI
Injini ya dizeli haitengenezi vakyumu ya kutosha yenyewe, ndo maana imewekewa pampu. Pampu inanyonya hewa kutoka kwenye busta, lile bakuli kubwa nyuma ya masta silinda. Katikati kuna hozi yenye valvu ya njia moja. Vakyumu iliyo ndani ya busta ndiyo inayousaidia mguu wa dereva. Ikikosekana, breki zinakuwepo ila utakanyaga kwa nguvu nyingi sana na gari litachelewa kusimama.

Kwa hiyo watuhumiwa ni wanne: pampu, hozi, valvu na busta. Pampu ni mmoja tu kati yao.

MASWALI NA MAJARIBIO
Gari liwe limesimama sehemu tambarare, gia huru, hendibreki juu.

1. Pedeli ni ngumu au ni laini? Kama inazama au inadunda kama sponji, hiyo siyo vakyumu. Ni hewa kwenye mafuta ya breki, mafuta yanavuja, au masta silinda imekwisha. Usimuuzie pampu.

2. Gari likiwa limezimwa, akanyage pedeli mara 5 au 6 mpaka iwe ngumu. Asitoe mguu, awashe gari. Pedeli inatakiwa kushuka kidogo. Ikishuka vizuri, vakyumu ipo, shida itafutwe kwenye magurudumu. Isiposhuka, au ikishuka kwa kusuasua, twende namba 3.

3. Fundi achomoe hozi upande wa pampu, injini iwe sailensa, aweke kidole gumba kwenye mdomo wa pampu. Mikono ya shati ikae mbali na mkanda na feni. Kidole kikinyonywa kwa nguvu, pampu ni nzima. Kikinyonywa kwa ulegevu, pampu imechoka.

Fundi mwenye geji atapata jibu la uhakika zaidi. Huku pwani pampu nzima husoma kama inchi 24 kwenda juu. Lakini kila ukipanda mita 300 hivi, geji hupungua karibu inchi 1. Mteja wa Mbeya yuko kwenye mita kama 1,700, kwa hiyo hata pampu mpya kwake itasoma pungufu kwa inchi 5 hivi. Usimwambie pampu imekufa kwa sababu hiyo tu.

4. Kama pampu ni nzima, achomoe valvu aipulize kwa mdomo. Upande mmoja hewa ipite, upande wa pili igome. Hozi aiangalie kama imepasuka, imelainika kwa oili au inabonyea.

5. Mwisho ni busta. Awashe gari dakika 1 au 2, akanyage breki na kushikilia, kisha azime bila kutoa mguu. Ahesabu sekunde 30. Pedeli ikimpandisha mguu, kuna kunakovuja. Kama valvu na hozi ni nzima, basi ni busta.

Kuna mteja wa Makambako alitaka pampu, hela ipo mkononi. Tukapitia haya kwa simu akiwa na fundi wake, kumbe hozi imepasuka chini ya klipu, sehemu isiyoonekana. Nikamuuzia hozi. Faida ilikuwa ndogo, ila tangu siku hiyo spea zake zote ananunua kwangu.

KAMA KWELI NI PAMPU
Omba picha tatu kabla ya kutuma: meno ya shafti, matundu ya bolti, na midomo ya hozi inavyoelekea. Uliza pia injini gani na pampu inazunguka upande gani. Pampu mbili zinaweza kufanana kwa sura lakini meno yakatofautiana.

Halafu mwambie fundi mambo mawili. Kwanza, ahakikishe oili inafika kwenye pampu na bomba la kurudisha oili halijaziba. Likiziba, oili inaingia kwenye alteneta na kwenye hozi ya busta, na mpira wa busta unaharibika. Pili, aweke oili safi kidogo ndani ya pampu kabla ya kufunga, isianze kuzunguka ikiwa kavu.

NAKILI UMTUMIE MTEJA
"Habari boss. Kabla sijakutumia pampu, naomba fundi afanye majaribio haya 5 anijibu, yasije yakakupotezea hela. Mpaka breki zipone, tafadhali gari lisibebe mzigo wala lisiingie barabarani."

Wengine watakasirika na kwenda kununua kwingine. Waache waende. Atakayejibu maswali yako, mara nyingi spea haitarudi, na yeye atarudi.