Si kila jicho jekundu lina ugonjwa mmoja

Mtoto akiamka na jicho jekundu, wengi wetu hukimbilia dawa ya matone iliyobaki kwa jirani. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwani maradhi haya hufanana kwa wekundu, lakini hutofautiana kwa chanzo na tiba.

Kwanza ni chokea. Hiki ni kijipu chenye maumivu kwenye ukingo wa kope, aghalabu jicho moja. Kikandwe kwa kitambaa safi na maji ya vuguvugu mara kadhaa kwa siku. Kisiminywe.

Pili ni ugonjwa wa macho mekundu. Ukiletwa na virusi, jicho hutoa majimaji. Ukiletwa na bakteria, hutoa usaha unaogandisha kope asubuhi. Mara nyingi huhamia jicho la pili, na huambukiza kwa mikono na taulo. Ule wa virusi kwa kawaida huisha wenyewe. Antibaiotiki hazifai kitu.

Tatu ni trakoma, au vikope, unaoenezwa kwa mikono, nguo na nzi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu kwa ndani. Miaka baadaye nywele zake hugeukia ndani, zikakwaruza kioo cha jicho hadi upofu. Kuzing'oa si tiba, maana huota tena; hapo huhitajika upasuaji.

Basi, maumivu makali, kuona ukungu, kushindwa kuvumilia mwanga, au usaha kwa mtoto mchanga, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na nyumbani, kila mtoto awe na taulo lake na aoshwe uso kila siku.