MAVAZI YA KINGA KWA WAPANDA BAISKELI: SOMO KUTOKA MTEREMKO WA VUGIRI

Mpanda baiskeli wa Makunduchi au Nungwi, aliyezoea njia tambarare, huenda akadhani kwamba habari ya kuanguka vibaya ni ya watu wa milimani. Kwa ajili hiyo somo hili linaanzia huko huko milimani, katika Kata ya Vugiri, Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga, ili msomaji apambanue lipi katika hatari hii latokana na mlima na lipi lamfuata mpandaji popote alipo.

Vugiri iko juu katika milima ya Usambara, penye mashamba ya chai, na chini yake umetandaa uwanda wa Korogwe, maarufu kwa mkonge. Baiskeli ikianza kushuka kutoka hali ya kusimama, pasipo breki, na upepo na msuguano visipohesabiwa, kimo cha mita 5 tu huifikisha kasi ya kilomita 36 kwa saa, na kimo cha mita 10 huifikisha kilomita 50. Mzigo hauizidishi kasi hiyo, bali huzidisha kazi ya breki: baiskeli na mpandaji wake wakiwa kilo 80, kisha wakapakia mkaa wa kilo 80, breki hutakiwa kufanya kazi maradufu. Na breki za fito zinazobana ringi ya chuma hudhoofika mno ringi inapolowa kwa mvua.

Anayeanguka hupata mapigo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni la kwenda mbele, nalo humburura juu ya changarawe na kumchuna ngozi; hilo ndilo linaloongezeka kwa mteremko. La pili ni la kwenda chini. Kichwa cha mpandaji kikiwa kwenye kimo cha mita moja na nusu, hufika ardhini kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa, iwe Vugiri, iwe Makunduchi, hata baiskeli ikiwa imesimama. Kwa hiyo tambarare haimwokoi mtu na pigo hili la pili, ambalo ndilo liuwalo.

Kila pigo lina vazi lake. Mburuto huzuiwa na kitambaa kizito kisichochanika upesi, kama vile suruali ya jinzi na koti nene la mikono mirefu. Pigo la kwenda chini halizuiwi na kitambaa, bali na kitu kinachokipa kichwa nafasi ya kusimama polepole. Kichwa kikisimama ndani ya milimita 2, hupata nguvu inayozidi mara 700 ya uzito wake. Kikisimama ndani ya milimita 20, hupata takriban mara 75. Faida yote ya kofia ngumu imo katika hizo milimita 18.

Hapa pana kosa la kusahihishwa. Wapo wanaodhani kwamba kilemba kizito, kata ya kubebea ndoo au kipande cha sponji ya godoro chini ya kofia hutosha. Kata hutandaza uzito uliotulia, na kazi hiyo huifanya vizuri. Lakini mbele ya pigo, kitu laini hubonyea chote mara moja, kichwa kikaifikia ardhi na kasi yake ingalimo. Linalotakiwa ni povu gumu, jamii ya lile jeupe linalofungiwa televisheni ndani ya maboksi, ambalo hupondeka kidogo kidogo na kuimeza nguvu. Kofia ya baiskeli yenye povu la namna hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1975. Kabla yake wapiga mbio walivaa vipande vya ngozi vilivyounganishwa kama wavu, ambavyo havikuwa na msaada mkubwa. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 1078 hutaka kofia iangushwe juu ya chuma bapa kwa kasi ya mita 5.42 kwa sekunde, na kichwa cha mfano kilichomo kisipate zaidi ya mara 250 ya uzito wake.

Uchambuzi uliotolewa mwaka 2016, uliokusanya tafiti 40 na majeruhi zaidi ya 64,000, ulionyesha kwamba uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa ulipungua kwa asilimia 69 kwa waliovaa kofia. Jimbo la Victoria, Australia, lililazimisha kofia tangu mwaka 1990, na Shirikisho la Kimataifa la Mbio za Baiskeli likafuata mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev kufariki kwa kuanguka katika mbio za Paris–Nice.

Baada ya kichwa, viungo vinavyoumia sana ni kiganja, kifundo cha mkono na mtulinga, kwa kuwa aangukaye hutanguliza mkono. Glavu za ngozi za kazi za ujenzi huikinga ngozi ya kiganja; mfupa hauna hakika hiyo. Vilinda magoti na viwiko vyenye gamba gumu hufaa kwa anayeteremka kila siku.

Kofia za mitumba zahitaji tahadhari. Povu lililokwisha pondeka halirudi hali yake, na kofia iliyopata pigo moja huweza kuonekana nzima kwa nje. Mnunuzi aitazame kwa ndani, aibonyeze kingoni, na akiona ufa aiache, hata ikiwa bei yake ni ndogo. Mkanda ufungwe chini ya kidevu, kwani kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka kabla ya mwenyewe.

Kadhalika vazi lenyewe lisiwe sababu ya ajali. Kanzu, buibui na pindo la kanga huvutwa na mnyororo au spoku. Yapasa yakunjwe na kufungwa, na baiskeli iwe na kava la mnyororo. Mtoto apakiwaye nyuma avalishwe viatu vilivyofunika kisigino, na gurudumu liwekewe kizuizi pembeni, kwani mguu wake mdogo huingia kwenye spoku wakati baba au mama anatazama mbele.