Vifaranga na baridi ya kusi: tatizo si joto dogo, ni joto la upande mmoja

Wiki iliyopita niliitwa Kivinje na kijana mmoja aliyeingiza vifaranga 200 wa chotara. Usiku wa tatu aliamka akakuta 41 wamekufa, wamelaliana kwenye kona moja, wamebanana kama dagaa kwenye gunia. Yeye alijua ni ugonjwa, na dawa alikuwa ameshanunua. Mimi nikamuuliza kitu kimoja tu: kona ipi? Akanionyesha kona iliyo mbali na dirisha. Dirisha lenyewe linatazama kusini mashariki, na sasa hivi kusi inavuma.

Vifaranga wale hawakuugua. Walikimbia upepo, wakarundikana, wa chini wakakosa hewa. Kama kifaranga ulimnunua shilingi 2,000, basi 41 ni shilingi 82,000 zimekwenda usiku mmoja, na dawa ya bure juu yake.

Najua mtasema, "Afisa, Kilwa ni joto, bruda ya nini?" Mchana sawa. Lakini kati ya mwezi wa sita na wa nane usiku wetu wa pwani unashuka hadi nyuzi 20 hivi, na kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35. Tofauti hiyo ya nyuzi 12 na zaidi lazima mtu ailipe, ama wewe kwa mkaa na umeme, ama kifaranga kwa mwili wake. Na mwili wake haujaweza. Siku za mwanzo kifaranga ni kama mjusi, joto la mwili wake linafuata joto la mahali alipo. Inachukua kama wiki mbili mpaka aanze kujimudu.

Sasa, wengi wakisikia baridi wanaongeza balbu. Yule kijana alikuwa na balbu moja kubwa katikati ya chumba, na chini yake palikuwa pamoto vizuri tu. Ila upande wa dirisha palikuwa baridi, sakafu ya saruji ilikuwa baridi kupita hewa, na chumba kina kona nne. Ungemwekea balbu ya pili palepale katikati, ungepata vifaranga wanaoungua mgongo huku miguu imepoa.

Anza na sakafu. Saruji inanyonya joto kupitia miguu. Mwaga maranda au pumba kavu za mpunga, unene wa sentimita 7 hadi 10, halafu washa joto siku nzima kabla vifaranga hawajafika. Narudia, kabla. Wale wanaotoka Dar wameshakaa saa tano au sita kwenye basi kutoka Mbagala, ukiwashusha kwenye maranda ya baridi umewamaliza. Kipimo changu ni rahisi: baada ya saa moja au mbili mchukue kifaranga, mguse miguu kwenye shavu lako. Ikiwa ya baridi, sakafu haijapata moto, hata kama kipimajoto cha ukutani kinakusifia.

Pili, ondoa kona. Tengeneza duara kwa hadibodi, maboksi au hata mkeka mgumu, kimo cha sentimita 45 hadi 60. Kwa vifaranga 50 kila mita ya mraba, hao 200 wanataka duara lenye upana wa mita mbili na robo hivi. Duara lenyewe linazuia upepo wa chini, na hakuna pa kurundikana.

Tatu, dirisha. Ziba upande wa kusi kwa gunia au turubai kuanzia chini kwenda juu, lakini acha nafasi ya juu hewa itoke. Ukifunga chumba kama kopo, kinyesi kinatoa amonia, utaisikia machoni ukiinama, na vifaranga watakohoa. Matundu ya chini ya mlango ziba yote. Panapopita upepo ndipo anapopita panya, na nyoka naye anapenda joto, hasa joto lenye vifaranga ndani.

Kwenye chanzo cha joto, ushauri wangu ni huu: bora vitatu vidogo kuliko kimoja kikubwa. Joto linasambaa, na kimoja kikizima hujafa. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hazifai hapa, zinatoa mwanga tu. Balbu ya joto ya wati 250 ikiwaka saa 12 inakula uniti 3, kwa hiyo piga hesabu mapema. Ining'inize kwa mnyororo au waya, sentimita 45 juu ya maranda, si kwa kamba ya katani inayoshika moto.

Umeme ukikatika, na gesi ya Songosongo tunayo hapahapa, haya, tuyaache hayo, jaza maji ya moto kwenye madumu ya lita tano, funga kila moja kwa kitambaa, yapange kuzunguka duara. Badilisha kila baada ya saa tatu hivi.

Ukitumia jiko la mkaa, liwashe nje mpaka moshi wote uishe, liingize juu ya matofali, lizungushie waya. Halafu sikilizeni, kwa sababu wengi wenu mnalala na vifaranga mkiogopa wezi: usilale chumba kimoja na mkaa unaowaka. Mkaa unaoungua kwenye hewa haba unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inaua kifaranga na inakuua wewe usingizini. Lala chumba cha pili, nafasi ya hewa iwe wazi.

Kupima ni hivi. Funga vipimajoto kwa uzi vining'inie sawa na mgongo wa kifaranga, kimoja karibu na joto na vinne ukingoni, kila upande kimoja. Katikati pawe pamoto kuliko ukingoni, hiyo inatakiwa, ili kifaranga achague. Kisichotakiwa ni ukingo wa kusini kusoma 24 wakati wa kaskazini unasoma 30. Hapo kuna upepo, utafute. Kila wiki punguza nyuzi 2 au 3 kwa kupandisha balbu.

Huna vipimajoto vitano? Vifaranga wenyewe watakwambia. Wamesambaa wanakula, sawa. Wamejaa chini ya balbu, baridi. Wamekimbilia ukingoni, mabawa wazi, midomo wazi, joto limezidi. Wote wamelalia upande mmoja, upepo.

Kijana wa Kivinje ameshaweka duara na turubai, balbu ndogo tatu. Nimemwambia kwa wiki mbili aweke kengele ya simu saa kumi alfajiri, maana hapo ndipo baridi inapokaza, asimame mlangoni asikilize kabla ya kuwasha tochi. Mlio wa chinichini, wa hapa na pale, arudi kulala. Makelele makali ya mfululizo, aingie ndani haraka.